Kijana Aliyeitwa Ogilvy

Hajafa.

Haya, nimesema, sasa niacheni nipumue. Wiki nzima sina raha. Nikienda kunyoa naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa, na juzi mke wa mwenye hoteli kanishika koti mbele za watu, "We mwandishi, yule kijana kafa au hajafa?" Hajafa, mama. Lakini msianze kushangilia, kwa sababu yaliyofuata alasiri ile yalimfanya Ozias Charlebois atamani angelala pale yeye.

Na wewe uliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi, sirudii tena. Ni Jumamosi, mwezi Februari mwaka 1909, ndani ya uwanja wa barafu wa Kerrigan, mji wetu wa migodi ya fedha huku kaskazini mwa Ontario. Kerrigan wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu na majirani zao wa Thornby, mabao manne kwa manne, kipindi cha pili. Ozias Charlebois, mchezaji wetu wa kulipwa, ambaye hata wanaomchukia huja kumtazama, amechoka kuchomwa mbavu na Mungo Strachan, beki wa Thornby. Ameinua gongo ampige. Strachan akainama. Kijana mmoja wa Thornby akapita kati yao mbio, na gongo likamshukia yeye kichwani.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa uwanja, kofia ya manyoya imeniziba masikio, na bado nilisikia.

Sasa twende.

Ozias alitupa gongo akapiga magoti. Kijana alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya tumbo, na damu inatambaa polepole kwenye barafu. Ozias akamgeuza. Kofia ya sufi ikamvuka.

"Mama yangu," alisema Ozias.

Thornby walikuwa wamemtangaza kijana huyo kwa jina la Bert Ogilvy. Ogilvy! Jina la Kiskoti, Mpresbiteri mpaka kwenye kucha. Lakini msomaji wangu wa kila wiki anajua, na Ozias alijua, kwamba hakuna Ogilvy pale. Yule alikuwa Rosaire Charlebois, mdogo wake wa tumbo moja, mseminari wa Montreal, aliyekuwa awe padri mwezi Juni.

Asubuhi ya siku ile ile, nyuma ya hoteli, Rosaire alikuwa amemwambia, "Nimekuja kucheza na wewe mara moja tu, kaka, kabla sijawa padri. Mara moja maishani. Thornby wamenipa jina na wamenilipa. Apa hutalitaja jina langu kwa mtu yeyote, hata nikivunjika mguu. Seminari wakijua nimecheza kwa malipo, tena kwa jina la uongo, wananifukuza siku hiyo hiyo. Na mama unamjua."

Ozias aliapa kwa kaburi la baba yao. Nani angekataa? Aliona raha, wallahi, mdogo mtu amesafiri siku nzima kwa treni aje kucheza naye.

Sasa raha yenyewe ndiyo hii.

"Inuka!" Rutledge, kapteni wa Kerrigan, alimshika ukosi. "Inuka, Mfaransa wee, watu wanatazama!"

"Nimemuua, Rutledge."

"Hujamuua, anapumua. Simama kama mwanamume."

Mungo Strachan akaja akasimama juu yao, mrefu, masharubu yameganda barafu. "Hongera sana," alisema. "Nakuchokoza mimi kutwa nzima, unakwenda kumpasua mtoto wa watu. Hongera."

Ozias aliinuka. Alikuwa anatazama jinsi wanavyomlaza Rosaire kwenye blanketi la farasi, wanamwinua wanne, wanampitisha kwenye kijilango cha ubao unaozunguka uwanja kuelekea chumba cha kuvalia. Mkono wake ulikuwa unaning'inia nje ya blanketi, na hakuna aliyeurudisha ndani.

Refa je? Refa, Mungu amsamehe, alikuwa ameinama nyuma ya goli akikitafuta kwenye theluji kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira. Hakuona kitu. Akapuliza filimbi akasema ni ajali, mchezo uendelee.

Huku kwetu mchezaji akiumia akatolewa, hakuna wa kuingia badala yake. Timu ni watu saba, basi. Ili pasiwe na uonevu, timu ya pili nayo inatoa mtu wake mmoja, wanabaki sita kwa sita. Nani atoke, anaamua kapteni.

"Nitoe mimi," alisema Ozias.

Rutledge akacheka kabisa. "Nikutoe wewe? Tulikufuata Montreal tukubembeleze, leo nikuweke benchi, mabao manne kwa manne? Hawa wachimba migodi watanitafuna mbichi. Lumb! Percy Lumb, toka wewe!"

Percy Lumb, ambaye hukimbia barafuni kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, alitoka akinung'unika.

"Rutledge, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Umeshapiga magoti ya kutosha leo. Una nini wewe? Huyo Ogilvy ni nani wako?"

Ozias akaitazama ile damu barafuni.

"Si mtu wangu," alisema.

Ilimwuma, lakini alisema. Maana moyoni alikuwa na tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa limekaa kiti cha mbele, limevaa kanzu nyeusi na skafu ya rangi za Kerrigan.

Kama hujamwona Padri Quesnel akitazama magongo, hujaona kitu. Mtu mnene, uso mwekundu, anampigia refa kelele kuliko wachimba migodi wote, halafu Jumapili anatuhubiria upole. Lakini mtu akiumia, Padri Quesnel ndiye wa kwanza kushuka. Mfukoni hatoki bila kile kikopo chake cha mafuta matakatifu ya kuwapaka wanaokufa. Ozias alimwona akiinuka, akimsukuma huyu na yule, akiingia kwenye ujia wa chumba cha kuvalia.

"Asante Mungu," alijisemea Ozias. Padri atamfikia. Mdogo wangu hatakwenda hivi hivi kama mnyama. Na jina nitakuwa sijalitaja.

Filimbi ikalia. Wakaanza kucheza. Ozias akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, akatupa jicho upande wa viti.

Padri Quesnel alikuwa amerudi kitini.

Amekaa, mikono juu ya magoti, anatazama mchezo.

Ngoja niwaambie kilichotokea mlangoni, maana nimekipata kwa Percy Lumb mwenyewe, aliyekuwa amekaa pale kwenye ujia akivua viatu vyake vya vyuma vya kutelezea. Padri alifika, akamkuta Bwana Pettigrew, meneja wa Thornby, amesimama mlangoni na sigara yake.

"Nipishe," alisema Padri. "Nimwone kijana."

"Si wako, Padri."

"Wote ni wangu mpaka niambiwe vinginevyo. Jina lake nani?"

"Ogilvy. Bert Ogilvy. Baba yake ni mzee wa kanisa la Kipresbiteri kule Thornby. Ukimgusa na hayo mafuta yako, ukoo mzima utapanda treni kuja hapa na mashoka."

Padri akasita. Mji wetu umeshawahi kupigana kwa mambo madogo kuliko hayo, na Padri alikuwepo akitenganisha watu. "Basi mwiteni mchungaji wake," alisema. "Haraka, bwana. Nimeona ile damu."

"Ameshaitwa," alisema Pettigrew.

Hakuna aliyeitwa. Na Pettigrew alijua vizuri sana yule kijana ni Mkatoliki, anasali Kilatini, kwa sababu ni yeye aliyempa jina. Alilichagua la Kipresbiteri makusudi. Nani atakwenda kumtafuta mseminari katika ukoo wa kina Ogilvy? Ikijulikana tu wamemwingiza mtu kwa jina la uongo, Thornby wanapokonywa mchezo. Kwa hiyo akamrudisha padri mlangoni. Mtu huyo namwona mpaka leo anatembea mjini, anawavulia wanawake kofia, anaulizia afya ya watoto. Nisije nikatukana bure.

Turudi barafuni.

Ozias alielewa mara moja. Kwao, kule ng'ambo ya mto Ottawa, kufa ni kufa, kila nyumba imezika. Lakini kufa bila padri, na padri amekaa pale, ukimwita anasikia! Mama yao, bibi Exilda, alikuwa akiwafundisha tangu wakiwa wadogo, kila usiku wamepiga magoti mbele ya jiko, waombe wasife kifo cha namna hiyo. Waliomba hilo kabla ya kuomba chakula.

Akitaja jina, padri anaingia, lakini seminari inajifunga milele, na ameapa. Asipotaja, mdogo wake anakufa na jina la mtu mwingine, bila neno la sala sikioni. Hebu chagua wewe unayesoma hapo na chai yako.

Kisahani kilipita mbele yake, hakukiona.

"Charlebois, umelala?" mtu akapiga kelele.

"Mleteeni godoro!"

"Mrudisheni kwao akakate magogo!"

Ozias akateleza mpaka karibu na Strachan. "Mungo," alisema. "Anaendeleaje?"

"Unaniuliza mimi? Daktari Mowat katuma neno kutoka ndani, fuvu limepasuka. Anakoroma kama mlevi. Umefurahi?"

"Nipige, Mungo."

"Nini?"

"Nipige. Mguuni, kichwani, unapotaka. Nipige nianguke nitolewe."

Strachan alimtazama kana kwamba amezungumza Kichina. "Kutwa nzima unanikwepa, sasa unaomba kipigo?"

"Sikwepi sasa. Nipo hapa. Tafadhali."

"Ahaa," alisema Strachan, na macho yake yakawa madogo. "Unataka ukapumzike. Unataka ulale ndani karibu na jiko, watu wakuonee huruma. Sikupigi ng'o! Utacheza mpaka filimbi ya mwisho, na kila ukipita pale utaiona ile damu. Hicho ndicho kipigo chako."

Akaondoka zake. Jamani, mtu aliyempiga alasiri yote bila kuombwa, alipoombwa akakataa.

Hapo ndipo Percy Lumb alipochungulia kutoka kwenye ujia, viatu mkononi. Lumb ni mtu mwema, lakini akili yake haina haraka.

"Ozias!" aliita. "Ozias, njoo nikuambie kitu cha ajabu. Yule Ogilvy anaweweseka. Anamwita mtu."

Ozias akaja akigonga ubao kwa kifua. "Anamwita nani?"

"Sijui, labda mchumba wake. Anaita 'Maman, Maman'. Wewe unamjua msichana wa Thornby anaitwa hivyo?"

Ozias alishika ubao kwa mikono yote miwili. Kwao Maman ni mama.

"Namjua," alisema.

Wakati huo huo uwanja mzima ukalipuka. Rutledge alikuwa amempokonya mtu kisahani, akakisukuma, na kisahani kikaja chenyewe mpaka kwenye vyuma vya miguu ya Ozias. Mbele yake hapakuwa na mtu. Mabeki wa Thornby walikuwa mbali, Strachan ameteleza kakaa kitako, na kipa wao ametoka golini kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani. Watu wote tulisimama. Mimi nilisimama. Bao hilo angelifunga bibi yangu.

"Piga!" tulipiga kelele. "Piga, Charlebois, piga!"

Ozias alikitazama kisahani. Kisha akakiacha pale pale, akageuka, akakimbia upande wa pili kwa nguvu zake zote, na kugonga ubao mbele ya kiti cha Padri Quesnel mpaka skafu ya Padri ikatikisika.

"Padri! Rudi ndani!"

"We Ozias una kichaa? Goli liko kule!"

"Rudi ndani, Padri! Yule si Ogilvy!" Alipaza sauti kwa Kifaransa chao, na nusu ya Kerrigan wanakisikia vizuri. "Si Mskoti, si Mpresbiteri, wamekudanganya! Ni Rosaire Charlebois! Mseminari wa Montreal! Ni mdogo wangu, Padri, na anakufa kule ndani anamwita mama!"

Watu wote waligeuka kumtazama. Kisha nyuma yake mtu wa Thornby akakiokota kisahani, akaenda nacho taratibu mpaka golini kwetu, akafunga. Tano kwa nne.

Sijawahi kusikia watu wakizomea namna ile. Chupa ilirushwa, ikampata Ozias begani. Akaanza kupanda ubao.

"Charlebois!" Rutledge alikuja mbio, uso umemvimba. "Ukivuka huo ubao na mchezo haujaisha, umejifuta! Nitaziandikia timu zote. Renfrew, Ottawa, Montreal, hakuna atakayekupa hata viatu vya kuvaa! Unanisikia? Hutacheza tena kwa malipo popote penye barafu!"

"Nimekusikia," alisema Ozias, akavuka.

Ndivyo alivyoaga, wasomaji wangu. Misimu sita ya kulipwa, mtu aliyekuwa akipokewa na bendi kituoni, akaondoka barafuni kwa kuruka ubao kama mwizi, watu wakimtemea mate. Alikimbia juu ya mbao za ujia na vyuma vyake miguuni, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Padri Quesnel alikuwa mbele yake, na sikujua kama mwili ule unaweza kukimbia.

Pettigrew alikuwa bado mlangoni. "Uongo mtupu!" alisema. "Huyo amerukwa na akili. Kampiga mtu, sasa anatafuta pa kujificha!"

"Pettigrew," alisema Padri, "niondokee hapo kabla sijasahau kwamba mimi ni padri."

Pettigrew hakuondoka upesi. Padri akamwondoa kwa tumbo.

Ndani kulikuwa na jiko linalotoa moshi na harufu ya sufi mbichi. Rosaire alikuwa amelazwa kwenye meza ya kunolea vyuma, blanketi mpaka kifuani, kichwa kimefungwa taulo ambalo halikuwa jeupe tena. Daktari Mowat alikuwa amemshika kichwa kwa mikono miwili. Ni mtu mkali, asiye na dini ya upande wowote, na siku ile ilikuwa vizuri hivyo.

"Watu wangapi?" alifoka. "Hapa ni sokoni?"

Maana nyuma ya Ozias alikuwa ameshaingia mwandishi wa gazeti moja la Montreal, penseli mkononi. Si mimi, mimi nina haya kidogo. "Charlebois, ndiyo?" aliuliza yule bwana. "Mseminari? Seminari gani, na alilipwa kiasi gani?"

Daktari akamsukuma nje kwa kiatu, akafunga mlango. Lakini kuta za chumba kile ni mbao zilizopigiliwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na njaa. Mtu akimeza mate ndani, wa nje anasikia. Na nje palikuwa pameshajaa.

"Ameamka," alisema Daktari kwa sauti ya chini. "Sasa hivi tu. Msimchoshe."

Ozias alipiga magoti karibu na meza. Rosaire alikuwa amefumbua macho kweli, jicho moja jekundu lote.

"Rosaire. Ni mimi, kaka yako. Nisamehe. Padri yupo hapa."

Padri Quesnel akafungua kikopo, akalowesha kidole gumba. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ile ya kumpigia refa kelele. "Rosaire, mwanangu. Unanisikia? Unataka sakramenti?"

Rosaire alimtazama Padri. Akakitazama kidole. Kisha macho yake yakaenda ukutani, kwa sababu nyuma ya mbao mtu alikuwa akisema waziwazi, "Andika hivi: mseminari, jina la uongo, malipo. Ngoja tumsikie akijibu jina lake, halafu nakimbilia simu ya telegrafu. Kesho Montreal nzima inalisoma."

Rosaire akalamba midomo. Akajibu kwa Kiingereza, tena kile cha Kiskoti alichofundishwa na Pettigrew.

"Unakosea, Padri. Mimi ni Bert Ogilvy. Ni Mpresbiteri."

"Rosaire!" alisema Ozias.

"Simjui mtu huyu. Ndiye aliyenipiga."

Kidole cha Padri kikasimama hewani.

Ozias alihisi kama amemwagiwa maji ya mtoni. "Daktari," alisema, "amepotewa na akili. Ni lile pigo. Mwambie Padri."

"Inawezekana," alisema Daktari. "Nimeona mtu wa mgodini aliyeangukiwa na jiwe akasahau hata kama ana mke. Inawezekana pia anajua anachosema. Siwezi kuingia ndani ya kichwa nikaangalia."

"Hapo ndipo kwenye kazi yangu," alisema Padri Quesnel. "Kama amesahau yeye ni nani, nampaka mafuta sasa hivi, na Mungu ataelewa. Kama hajasahau na anakataa, simpaki mtu kwa nguvu. Na kama kweli ni Ogilvy, nimeshamkosea kwa kuwa humu." Akamgeukia Ozias. "Wewe ndiye uliyepiga kelele mbele ya watu wote. Sasa sema polepole. Mbele ya Mungu, Ozias, huyu ni ndugu yako aliyepotewa na akili, au umechanganyikiwa wewe?"

Ozias alitaka kujibu. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa.

Chini ya blanketi mkono ukamshika.

Vidole vya Rosaire vilitafuta vyake, vikavipata, vikavibana kwa nguvu mpaka mifupa ikauma. Usoni hakuonyesha kitu. Alikuwa anatazama dari kama Mpresbiteri.

Basi hakuwa amesahau. Alijua kila kitu. Alikuwa anamwomba kaka yake amrudishie jina lililotupwa hadharani, na bado lilikuwa linarudishika. Ozias akisema amekosea, kesho watu watacheka tu: Charlebois alimpasua mtu kichwa, akaingiwa na wazimu kwa hofu, akaanza kuona ndugu zake. Wamcheke yeye, wamfukuze yeye, na Juni Rosaire awe padri.

Kama atakuwa hai Juni.

"Daktari," alisema Ozias, "atapona?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

Daktari Mowat akakunja uso. "Ameamka. Anaongea, tena kwa mpangilio. Ni dalili nzuri, nisingeitarajia. Basi, zaidi ya hapo sisemi."

Dalili nzuri. Ozias alishikilia maneno hayo mawili. Ungekuwa wewe, ungeshikilia nini?

Vidole vikambana tena.

"Nimekosea, Padri," alisema Ozias. "Nilichanganyikiwa. Nilifikiri nimeua, nikapandwa na wazimu. Simjui huyu. Anaitwa Ogilvy."

Nyuma ya ukuta mtu akacheka. Mwingine akasema, "Nilijua tu, Mfaransa mwoga." Yule wa Montreal alisikika akitukana, na viatu vyake vikaondoka kwenye ujia.

Padri Quesnel alimtazama Ozias muda mrefu sana. Kisha akatoa leso, akafuta kidole, akakifunga kile kikopo.

"Mungu akusamehe," alisema. "Sijui umenidanganya kule nje au umenidanganya humu ndani, lakini umenidanganya." Akashika kitasa cha mlango. "Nitamtuma mtu amwite mchungaji."

Chini ya blanketi vidole vya Rosaire vikalegea.

Ozias alidhani ni shukrani. Alidhani mdogo wake amepumzika, kwa kuwa neno limesemwa na limepita. Akavibana yeye, polepole, kumwambia usijali, nimekubali, nitakuja kanisani mwezi Juni nikae nyuma kabisa.

Vidole havikujibu.

"Rosaire," alinong'ona.

Daktari Mowat alikuwa ameinama, sikio lake kwenye kifua cha kijana, mkono mmoja ameunyoosha hewani kutaka kimya. Hakuinua kichwa.

"Padri," alisema. "Usitoke."